Kitanda cha Stuli Kilikuwa na Vifungo

Mimi nina mdomo, sikatai. Mume wangu husema mdomo wangu hauna breki, na wateja wananiita Mama Sponji mbele yangu na Mama Makelele nikigeuka. Sawa tu. Karakana yenye cherehani, kompresa na misumeno haiendeshwi kwa kunong'ona. Mume wangu ni seremala, anaunda fremu za makochi. Mimi nazivalisha: mikanda, springi, sponji, kitambaa, vifungo. Mwaka wa kumi na tano huu tunafanya hivyo katika jengo moja, kazi mbele, nyumba nyuma, na mlango wa katikati haufungwi.

Hapo mlangoni ndipo alipopenda kulala mbwa wetu. Anaitwa Stuli. Alipoletwa alikuwa mpana, mfupi, miguu minne ya kukanyagia na si ya kukimbilia, na mume wangu, mtu anayeongea labda mara tatu kwa wiki, alimtazama akasema, "Hiki ni stuli." Jina likamganda.

Sasa ngojeni nieleze tulivyomfundisha, maana mambo yote yanaanzia hapo. Kochi la watu watatu likibebwa na watu wawili, anayetembea kinyumenyume haoni anakokanyaga. Mbwa akikatiza hapo mnaanguka wote, na kochi juu yenu. Kwa hiyo nilimfundisha Stuli maneno mawili. "Tulia!" maana yake ganda hapo hapo ulipo, usitikise hata sikio. Mzigo ukishapita namwambia "Haya!", basi ameachiliwa, aendelee na shughuli zake. Alishika somo kwa wiki moja. Hata awe na mfupa mdomoni, nikisema tulia, anaganda. Mume wangu akisema, wala hageuki. Alikuwa anaitii sauti yangu tu, na mimi nilikuwa naringa kwa hilo. Nilikuwa nawaonyesha wateja kama mtu anayeonyesha televisheni mpya.

Jumatatu moja asubuhi tulikuwa tunatoa kochi kubwa la kona kwenda kulipakia garini. Mume wangu alitangulia kinyumenyume, mimi nimeshika nyuma. Stuli akatokea chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nikapiga kelele kama kawaida, "Tulia!" Akaganda katikati ya njia. Mume wangu akamzunguka kidogo, na mguu wake ukakanyaga kipande cha sponji nilichokuwa nimekitupa sakafuni mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu huu. Akateleza. Upande wake wa kochi ukamponyoka.

Stuli aliliona linakuja. Naapa aliliona, maana aliinua macho. Angeweza kuruka pembeni, alikuwa na nafasi na muda. Lakini alikuwa ameambiwa atulie, na hakuna aliyemwambia vingine.

Lilimwangukia mgongoni. Tulipolinyanyua alitaka kuja kwangu. Miguu ya mbele ilikuja, ya nyuma ikabaki imelala vilevile, pamoja na mkia. Mimi nilipiga mayowe tu, sikuwa na faida yoyote. Mume wangu ndiye aliyechukua kipande cha plaiwudi, akamtelezesha juu yake polepole bila kumkunja, akamfunga kwa mikanda ya makochi asitikisike, tukampeleka kliniki ya mifugo mtaa wa pili.

Daktari alikuwa kijana mrefu mwenye miwani mikubwa na mikono iliyojaa makovu madogo ya kung'atwa. Alipiga picha, akatutundikia ukutani kwenye taa. Mfupa mmoja wa mgongo ulikuwa na ufa lakini haukuwa umehama.

"Mfupa sio unaonitisha," alisema. "Ndani ya hii mifupa imepita kamba laini, ndiyo inayopeleka habari kati ya kichwa na miguu. Imepigwa na imevimba. Haikukatika, hilo nina hakika. Kama itarudi kufanya kazi, hilo sina hakika."

Akachukua koleo dogo akabana kidole cha mguu wa nyuma. Mguu ukajivuta! Nikaruka.

"Umeona? Umeona? Anasikia!"

"Mama, subiri," daktari akasema kwa upole. "Mguu kujivuta wenyewe si habari njema wala mbaya. Mgongo wa huku chini unaweza kujijibu wenyewe bila kichwa kujua lolote. Mimi nataka kichwa kijue. Nataka ageuke, alie, ikiwezekana aning'ate. Siku atakayoning'ata nitafurahi kuliko ninyi."

Stuli hakugeuka. Nilikuwa nimemshika kichwa, uso wangu karibu na wake, namnong'oneza, "Tulia, mama, tulia." Alitulia kweli.

Daktari alichora mstari kwa kalamu ya wino mahali mgongoni ambapo ngozi ilikuwa bado inashtuka ikifinywa. Akatuambia tuuangalie kila asubuhi. Mahali pa kushtukia pakisogea kuelekea mabegani, maana yake uharibifu unapanda, na ukifika kifuani hatoweza kupumua. Usiposogea siku tano, tunashukuru na kuendelea. Tukimaliza wiki mbili bila kichwa kujua maumivu, tutakaa tuzungumze. Hakusema tutazungumza nini. Hata mimi na mdomo wangu sikuuliza.

Sasa nimlete mama mkwe. Anaishi nasi mwaka wa sita. Kabla ya kustaafu alikuwa mhudumu wa wodi ya mifupa, miaka ishirini na sita ya kuwageuza, kuwaosha na kuwalisha watu waliovunjika. Mbwa hampendi. Kwake yeye mbwa ni kitu cha nje, na mbwa anayelala mlangoni ni dalili kwamba mwanawe alioa vibaya. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea vizuri tu, lakini kwa tahadhari. Na kisa kimoja kilikuwa hiki: alipohamia, mume wangu alimtengenezea fremu ya kiti cha mkono, ya mbao safi, mimi nikaahidi kuivalisha wiki ijayo. Mafundi mnatujua. Wiki ijayo ikawa miaka sita. Mama alikuwa anakalia fremu tupu, ametandika blanketi lililokunjwa mara nne juu ya mikanda, na kila mgeni akija anasema kwa sauti ya unyenyekevu mkubwa, "Mkwe wangu ni fundi wa makochi."

Basi tulivyorudi na Stuli kwenye plaiwudi, tulikuwa na kazi ambayo sikuwahi kuiwazia. Mbwa aliyeumia hivyo hawezi kukojoa mwenyewe. Lazima akamuliwe, mara nne kwa siku, na mkojo ukibaki ndani unaoza. Daktari alinionyesha. Nyumbani nikajaribu. Mikono hii imezoea kuvuta turubai mpaka ikakakamaa, nikawa naogopa kubonyeza, na nikibonyeza napita kiasi. Stuli ananitazama. Jasho linanitoka.

"Toka hapo," mama mkwe akasema nyuma yangu. "Unakanda unga?"

Akapiga magoti na miaka yake sabini. Akaweka viganja viwili bapa, kimoja kila upande wa tumbo, akatulia mpaka akakipata kibofu, kisha akabana polepole kuelekea nyuma. Mkojo ukatoka kwenye beseni bila haraka.

"Mama, umejulia wapi?"

"Nimewakojolesha madereva wa malori wanene, wanatukana huku wanalia," alisema akijifuta mikono. "Sembuse hiki kistuli."

Tangu hapo ikawa kazi yake. Hakuombwa, na hakutangaza. Saa zikifika anainuka kwenye fremu yake, anavaa glovu, anakwenda mlangoni. Mume wangu alipigilia ubao ukutani, na kila Stuli alipogeuzwa upande, kila baada ya saa tatu, mmoja wetu anaweka alama kwa penseli ya seremala. Kila asubuhi tunafinya ngozi kwenye mstari wa daktari. Siku ya kwanza palikuwa pale pale. Ya pili vilevile. Siku ya tano nilifinya, ngozi ikashtuka palepale penye wino, nikakaa chini sakafuni nikamshukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nikataka na mimi nitoe mchango. Kugeuza na kukamua siwezi, lakini kuna kitu kimoja nakijua kuliko watu wote wa mtaa huu. Nikamtengenezea Stuli kitanda. Msione hivi, kilikuwa kitanda! Sponji ngumu chini, laini juu, nikakivalisha ngozi bandia ya rangi ya damu ya mzee isiyopitisha maji, na juu nikavuta vifungo, vimekaa kwa mistari kama kochi la mkurugenzi. Vifungo kumi na viwili, kila kimoja kimezama sawasawa na mwenzake. Mume wangu alikizunguka akasema, "Kimekaa." Kwa yeye hiyo ni hotuba nzima. Nilimlaza Stuli juu yake nikiwa nimevimba kichwa.

Siku mbili baadaye mama mkwe alimgeuza, kisha akaita, "Wewe! Njoo hapa."

Kwenye mfupa wa nyonga, ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na laini, mviringo kamili, na katikati imeanza kufunguka. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikijua kipimo cha mviringo ule. Nilikata vitambaa vyake mwenyewe.

"Nani anamlaza mgonjwa wa mgongo juu ya vifungo?"

"Mama, ni vya kitambaa, wala si vigumu—"

"Wewe ukilalia kitu kigumu unageuka. Hata usingizini unageuka. Huyu nyuma hakuna kinachomwambia ageuke. Na hii ngozi yako ya mkurugenzi inamkalisha kwenye jasho na mkojo." Akatoa mkasi mfukoni mwa gauni lake, akaanza kuving'oa kimoja kimoja. Tap. Tap. Vikawa vinaruka sakafuni.

Jamani, niliumia. Nilikwenda kwenye kompresa yangu nikaifokea dakika kumi, haijanikosea lolote. Nikalia. Kochi ni mimi, sponji niliitupa mimi, tulia nilisema mimi, sasa na kidonda nimeshona mimi. Nilirudi nimenywea. Mama alikuwa ametandika shuka kuukuu za pamba tabaka kwa tabaka, amekata sponji yangu akaacha tundu mahali pa nyonga ili mfupa usiguse kitu. Kwa ufundi mimi ningemfukuza kazi aliyekata namna ile. Lakini kidonda hakikuongezeka tena.

Kilichoongezeka kilikuwa homa. Mkojo ukawa mzito na kunuka, Stuli akakataa chakula. Daktari alikuja nyumbani, akamchoma sindano, akaacha dawa, akabana vidole tena nikiwa nimeshika kichwa. Mguu ukajivuta, kichwa hakikugeuka. Aliandika kwenye daftari lake bila kunitazama. Hiyo ilikuwa siku ya kumi.

Siku ya kumi na nne tulikwenda kliniki. Mama mkwe alisema naye atakuja. Hajawahi kufika pale. Alivaa viatu vyake vya wodini, vyeupe, alivyokuwa amevihifadhi kwenye boksi.

Daktari alipima kila kitu, kisha akavua miwani. Mtu akivua miwani kabla ya kuongea, ujue.

"Mgongo haujaharibika zaidi, na hiyo ni kazi yenu," alisema. "Kidonda nimekiona, kinafunga. Lakini mkojo umeoza mara moja na utaoza tena. Vidonda vitakuja vingine. Kama kichwa hakipati habari za nyuma mpaka leo, sitaki kuwadanganya. Kuendelea ni kumtesa. Nitapima mara ya mwisho. Kisha, kama ni vilevile, mimi ningemlaza kwa sindano, asisikie lolote."

Mume wangu alishika ukingo wa meza. Mimi nikamshika Stuli kichwa kama siku zote, nikaweka paji langu kwenye paji lake. Nilisikia pumzi yake puani mwangu. Sauti ikatoka nyembamba: "Tulia, mama. Tulia."

Daktari akabana. Mguu ukajivuta. Stuli hakusogea.

"Bana tena," mama mkwe akasema.

"Bibi, naelewa, lakini—"

"Bana tena, daktari. Na safari hii usitazame mguu. Mtazame macho."

Daktari akainama, akabana kwa nguvu zaidi. Nami nikatazama. Mboni za Stuli zilitanuka zikawa nyeusi tupu. Pumzi ikasimama. Masikio yakalala nyuma. Na macho yale hayakwenda kwenye mguu, hayakwenda kwa daktari. Yalikuwa yamenikazia mimi.

"Nimekaa na watu wenye maumivu miaka ishirini na sita," mama mkwe alisema. "Wapo wanaopiga kelele, na wapo wanaokutazama tu. Tangu juzi nikimsafisha kidonda anazuia pumzi. Nilidhani najidanganya kwa uzee." Akanigeukia. "Wewe, tangu siku ile ya kochi, umeshamwambia huyu mbwa lile neno 'Haya'?"

Nilirudisha siku nyuma zote kumi na nne. Asubuhi, mchana, kwenye plaiwudi, kwenye kitanda cha vifungo, wakati wa sindano: tulia, mama, tulia, tulia. Lile 'Haya!' sikuwa nimelisema hata mara moja. Kochi lilikuwa halijapita bado. Mbwa wa watu alikuwa yumo kazini, anangoja.

Daktari hakuelewa mazungumzo yetu, lakini alishika koleo akanitazama, akasubiri.

Nikainua uso wangu kutoka kwenye wake. Nikamwachia kichwa. Daktari akabana.

"Haya, Stuli," nikasema.

Aligeuka upesi kiasi kwamba hata mume wangu alirudi nyuma. Alilia, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Jumatatu ile, akazungusha kiwiliwili chote cha mbele na kumng'ata daktari kidole gumba, barabara!

Damu kidogo ikadondoka kwenye meza.

"Asante," daktari akasema. Alikuwa anamwambia mbwa. "Asante sana, mama. Asante." Akaanza kucheka, amekishika kidole juu, miwani haimo usoni, machozi yanamtoka. "Chanjo zake ziko sawa?"

"Ziko sawa," mume wangu akajibu. Kisha, mtu wa maneno matatu kwa wiki, akasema, "Amemng'ata. Mama, umeona? Amemng'ata. Amemng'ata daktari!" Akarudia mpaka akalia.

Mimi nilimkumbatia mama mkwe. Hatujawahi kukumbatiana, tulikuwa tunapeana mikono. Nikamwambia asante, nikamwambia tena, nikawa kama santuri iliyokwama. Alikuwa mgumu kama fremu, kisha akalegea kidogo.

"Yatosha," alisema. "Utaniangusha na viatu vyangu."

Sitawadanganya kwamba Stuli alishuka mezani akakimbia. Ilichukua miezi mitano. Mkia ulitangulia, siku moja ukapiga sakafu mara mbili. Kisha akaanza kukojoa mwenyewe, na sijawahi kuona watu wazima watatu wakishangilia dimbwi namna ile. Mume wangu alimtengenezea kigari cha magurudumu, akakitumia wiki sita, akakiacha. Leo anatembea kama mlevi anayejaribu kuficha, nyuma inakwenda kushoto wakati mbele imeshaamua kulia. Ngazi haziwezi. Daktari akipita karakanani humwonyesha kovu la kidole, na Stuli hunusa kwa heshima.

Vitu vikubwa siku hizi tunasimama kwanza, namtoa mbwa mwenyewe kwa mikono hadi nyuma, ndipo tunabeba. Tunachelewa. Mteja akinung'unika, mdomo wangu anaujua. Na kila jioni nikifunga cherehani, hata kama siku nzima sikumwambia atulie, namwambia, "Haya, Stuli." Anatikisa mkia. Sitaki alale nikiwa na deni hilo.

Wiki tuliyotoka kliniki, kabla sijagusa kazi ya mteja yeyote, nilichukua ile fremu. Nilifanya siku tatu. Springi mpya, sponji bora niliyokuwa naificha, kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Mgongo nikauacha laini kabisa, bila hata mshono wa kukwaruza. Nilimwita mama, akaja, akakizunguka, akapapasa mgongo wa kiti kwa kiganja bapa, kama anatafuta kibofu.

"Vifungo viko wapi?"

"Sikuweka, mama. Nilidhani... baada ya yale."

Alikaa. Akaegemea. Akafumba macho, muda mrefu. Stuli akajikokota hadi chini ya kiti akajitupa juu ya miguu yake, na mama hakuivuta.

"Mkwe wangu," alisema bila kufumbua macho, "mgonjwa ni huyu wa chini. Mimi miaka sita nimengoja kiti cha mkurugenzi. Weka vifungo."

Niliviweka. Kumi na viwili, vile vile alivyoving'oa yeye.